Jibu: Nani anaamua daktari aende jeshini?

Dada yangu, umeuliza kama vita ikianza jeshi linachukua tu madaktari wote. Hapana. Marekani mwaka 1941 iliunda ofisi ya kuwagawa: kabla daktari hajavaa gwanda, waliangalia kama mji wake utabaki bila mtu wa kutibu. Uingereza waliachia kamati ya madaktari wenyewe, na mimi naona ndiyo busara, jenerali atajuaje nani anazalisha kijijini?

Hapa kwetu Goma ni vingine. Pale hospitali ya CBCA Ndosho, wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wanapokea raia na askari pamoja. Mikataba ya Geneva ya 1949, yaani sheria za vita, inataka aanze aliye hatarini zaidi, cheo hakihesabiwi. Bunduki tu ndiyo inabaki nje ya lango.