Kabla hamjafungua SPSS

Wadogo zangu wa mwaka wa tatu saikolojia, nimemaliza kusoma sura ya tatu zenu, zile za mbinu za utafiti. Zote. Nawapenda, ila mngekuwa karibu ningewavuta masikio. Makosa ni yaleyale ya waliowatangulia, na najua yanakotoka: mnaingia maktaba, mnachukua andiko la miaka ya nyuma lililofaulu, mnalinakili pamoja na madudu yake. Nayaandika hapa machache, kabla hamjaingiza data kwenye SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu, ili mwakani angalau nikutane na makosa mapya.

1. Punguzeni "athari" kwenye vichwa. "Athari za mitandao ya kijamii kwa afya ya akili ya wanafunzi" kila mwaka ina mwenyewe. Kisha nikifika kwenye mbinu nakuta dodoso moja, limejazwa mara moja, asubuhi moja, ukumbini. Hapo una uhusiano wa vigeu viwili, yaani vitu viwili ulivyopima, basi. Huenda simu inaleta huzuni. Huenda mwenye huzuni ndiye anayekesha na simu kwa kuwa usingizi umemkataa. Huenda bumu, yaani fedha za mkopo, limechelewa, na hilo peke yake linamkosesha mtu raha na kumfanya ashinde chumbani anaperuzi kwa kuwa hana hela ya kwenda popote. Ukitaka kusema athari, gawa washiriki kwa nasibu na kigeu huru, kile unachodhani ndicho chanzo, ukibadilishe wewe mwenyewe. Ukishindwa hapo, angalau wafuate watu walewale kwa muda. Huna fedha wala muda wa hayo? Andika "uhusiano". Halijawahi kumfelisha mtu neno hilo.

2. Namba 384 kama ukubwa wa sampuli. Naiona kila mahali, mpaka kwa mwenye idara ya watu 200. Jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 linakupa 384 kwa jamii kubwa sana, na linakupa 278 kwa watu 1,000, ila mara zote linadhani umechagua kwa nasibu. Ukirusha kiungo cha dodoso kwenye grupu la WhatsApp la hosteli, hata ukipata majibu 3,840, ulichonacho ni watu wanaokupenda na wenye bando. Si dhambi kutumia waliopatikana. Henrich, Heine na Norenzayan waliandika mwaka 2010 jinsi taaluma yetu nzima ilivyoegemea watu wa Magharibi, wengi wao wanafunzi wa vyuo waliokuwa karibu na ofisi ya mtafiti. Dhambi ni kuandika "sampuli nasibu" wakati watahini wanajua kabisa hosteli yenu iko wapi.

3. Kauli hasi. Hapa nitakaa, maana hili ni langu.

Kwenye utafiti wangu nilitumia kipimo cha Rosenberg cha kujithamini, kile cha 1965, mnakijua: kauli 10, tano zinamjenga mtu na tano zinamponda, majibu manne kuanzia nakubali kabisa hadi nakataa kabisa. Anayekubali kabisa kwamba ana sifa nzuri kadhaa anapata 4. Anayekubali kabisa kwamba hafai kitu anatakiwa apate 1, ndipo alama zote zielekee upande mmoja. Yaani kwa kauli hasi unatoa jibu lake kwenye 5. Kazi ya dakika chache. Sikuifanya. Na si kwamba sikujua. Nilifundishwa, na swali lake lilikuja kwenye mtihani nikalipata. Ila usiku ule naingiza data nilijiambia nitageuza baadaye, na baadaye ikafika bila mimi kukumbuka.

Nikapima uthabiti. Alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kauli za kipimo zinakubaliana kiasi gani, ikatoka hasi. Chini ya jedwali SPSS yenyewe iliandika, kwa maneno yanayosomeka, kwamba kauli zangu zinapingana na huenda ningependa kukagua namna nilivyozipa alama. Sikusoma. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ile safu inayoonyesha alfa itakuwa ngapi ukiondoa kauli fulani, nikaanza kufyeka. Ikitoka moja, alfa inapanda. Ikitoka nyingine, inapanda tena. Nilipobaki na kauli tano alfa ilikuwa nzuri mno, nikaipiga picha nikamtumia mwenzangu wa chumba.

Aibu yenyewe bado. Ukiondoa nusu ya kipimo lazima ueleze, kwa hiyo sura ya tano nikajaza kurasa: kwamba nafsi ya Mwafrika ni ya kijumuiya, kwamba kijana wetu hajidunishi kama Mmarekani anavyojidunisha, kwamba kauli hizo zilikuwa ngeni kwake. Nikaweka utu, nikaweka ujamaa, nikaweka methali. Msimamizi akaandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, "safi".

Siku ya kudifendi mtahini wa nje alikuwa mama mmoja mpole, hana haraka. Akafunua kurasa, akavua miwani.

"Mwanangu, hizi kauli tano ulizoziondoa, zina nini kinachofanana?"

Nikazitazama kama naziona mara ya kwanza. Nikasema, "Zote ni hasi, mama."

"Ulizigeuza?"

Nimesimama mbele ya watu, suti ya kuazima, na nikaelewa papo hapo kwamba sijibu swali dogo. Alisubiri tu. Hakucheka, na ningefurahi kama angecheka.

Kinachoniuma mpaka leo ni kuwa swali la utamaduni lilikuwa halali. Schmitt na Allik walichapisha mwaka 2005 majibu ya kipimo hichohicho kutoka mataifa 53, na walikuta kauli hasi hazieleweki kwa namna moja kila mahali. Kulikuwa na la kusema. Lakini data zangu zilikuwa zinasimulia usahaulifu wangu, nami nikaubatiza Uafrika. Nikarudishwa kuchambua upya. Nilipogeuza zile tano, alfa ya kauli zote 10 ikakaa mahali pa heshima, na kurasa zangu za utu zikaenda na maji.

Kwa hiyo ukikuta matokeo ya ajabu, kagua alama kwanza, halafu uingizaji, halafu tafsiri ya dodoso. Utamaduni uuite mwisho. Na kama uchambuzi amekufanyia kijana wa steshenari pale getini, mwambie akuonyeshe alipogeuza, kwa sababu yeye hatakuwepo utakapovuliwa miwani.

4. Jaribisheni dodoso kwa watu ambao si rafiki zenu, na faili ghafi la data msiliguse kamwe; fanyieni kazi nakala.

5. p chini ya 0.05 haithibitishi nadharia tete yako. Inakuambia tu data za namna hiyo zingekuwa nadra kiasi gani iwapo uhusiano haupo kabisa. Mwaka 2015 ilitoka kazi kubwa ya watafiti waliorudia tafiti 100 za saikolojia: asilimia 97 ya tafiti za awali zilidai matokeo yenye p ndogo, marudio yaliyoyapata tena yalikuwa kama asilimia 36. Hao ni maprofesa wenye fedha. Wewe una dodoso na kompyuta ya kuazima, kwa hiyo neno "imethibitika" lifute.

6. Wanaotumia PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, na mwaka huu ni wengi. Mnajua maswali yake ni tisa na jumla inaishia 27. Lile la tisa linauliza kama mtu amewaza kuwa afadhali afe, au kujidhuru. Nimeuliza wanne wenu mtafanya nini mshiriki akiweka alama pale, mkanijibu mtaingiza 3 kwenye SPSS. Hapana. Amueni kabla ya kwenda uwanjani. Dodoso lisilo na jina humpati tena mtu huyo, basi kila mshiriki, hata anayecheka, aondoke na karatasi yenye mahali pa kupata msaada na namba ya mshauri wa chuo ambayo mmeipiga wenyewe mkahakikisha inapokelewa. Mkichukua majina ili muweze kufuatilia, fomu ya ridhaa iseme hivyo waziwazi, isomwe kabla ya kusainiwa, na isisainiwe mbele ya CR (kiongozi wa darasa) au mhadhiri aliyewafungia mlango. Madodoso yasomwe siku ileile, yasilale kwenye begi mpaka wiki ijayo. Kamati ya maadili itawauliza haya yote, na msipokuwa na majibu watawarudishia andiko. Wakiwarudishia msije kunililia kwamba kamati ina roho mbaya.