Grammy ya Kingfish ni ya albamu ya pili

Wengi wanadhani Kingfish alishinda Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, kwa albamu yake ya kwanza. Siyo ile, yakhe. Christone "Kingfish" Ingram, mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani, alitoa *Kingfish* mwaka 2019 akiwa na miaka 20; ikateuliwa kuwania Grammy kwenye kundi la bluzi za jadi, ikakosa. Iliyomletea tuzo ni *662* ya 2021, akaichukua 2022. Hiyo 662 ni namba ya mwanzo ya simu za kwao, kaskazini mwa Mississippi, kama sisi Mombasa tulivyo na 041 yetu.

Sidii zote mbili ninazo hapa dukani Mwembe Tayari, kava la ile ya kwanza limeshachujuka kwa jua. Mzee Buddy Guy, gwiji wa bluzi, yumo kwenye hiyo ya kwanza, katika wimbo "Fresh Out", na hapo ndipo wengi wanapochanganya: wakiona jina kubwa wanadhani lazima ilishinda.

Ila kama unatafuta fanki na souli hasa, ya kwanza ni bluzi zaidi. Anza na ya pili. Ingawa kwa gitaa tupu, vile anavyouvuta uzi mpaka unalia, mimi bado narudi kwa ile iliyokosa.