Seva kukwama ikihifadhi data: chunguza kurasa kubwa za memori

Mdau, umeuliza kwa nini hifadhidata yako ya kwenye memori inakwama kila inapoandika nakala kwenye diski, ilhali RAM bado ipo tele. Yalinikuta hayo hayo kwa mteja mmoja pale Westlands, Nairobi, anayeuza nguo mtandaoni. Kila saa kamili oda zinaganda, halafu zinamiminika zote kwa pamoja. Nililaumu diski, nikalaumu mtandao. Wote hawakuwa na hatia.

Wakati wa kuhifadhi, programu huita fork (amri ya kujizalisha) ikapata mtoto, yaani nakala yake inayoandika data kwenye diski. Mzazi na mtoto hutumia kurasa (vipande vya memori) zile zile mpaka mmoja aandike. Hapo ndipo kerneli (kiini cha Linux) hunakili ukurasa ulioguswa. Ukurasa wa kawaida kwenye prosesa za x86 (za Intel na AMD) ni KB 4. Ule mkubwa ni MB 2, yaani kurasa 512 kwa mpigo. Kwa Linux ya kabla ya 5.8, kubadilisha baiti moja tu kuliweza kunakili MB 2 nzima. Ni kama kutaka gorogoro moja ya mahindi ukalazimishwa kubeba gunia. Oda zinapoingia huku na huku memorini, kila moja inaangukia gunia lake.

Wenye kerneli walijua uzito huo. Kunakili MB 2 kunafagia kache ya prosesa (memori yake ndogo ya haraka), kwa hiyo tangu Linux 4.19, ya mwaka 2018, kile kipande cha KB 4 ambacho programu inakisubiri hunakiliwa mwisho, ili kikutwe bado kimo kwenye kache. Ujanja mzuri, ila kazi ya kunakili iko pale pale. Kuanzia 5.8 (2020) ukurasa mkubwa wa aina hii hupasuliwa kwanza, kikanakiliwa kipande kilichoguswa tu.

Soma /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/enabled. Sisi tulikuta mabano, yanayoonyesha chaguo linalotumika, yamezunguka always (kurasa kubwa kwa kila programu), na AnonHugePages (memori iliyo kwenye kurasa kubwa) kwenye /proc/meminfo ilikaribia ukubwa wa data yote. Niliandika madvise humo (kurasa kubwa kwa programu inayoziomba tu), nikaiwasha upya programu (usiruke hatua hii, kurasa zilizokwisha kugawiwa hazijivunji zenyewe), kukatulia. Alhamisi stima ikapotea, seva ikajiwasha upya, ugonjwa ukarudi na simu za mteja zikarudi nao. Weka transparent_hugepage=madvise kwenye mstari wa kuwashia kerneli ili ibaki hata seva ikiwashwa upya, usifanye kama mimi.

Tuwekee hapa majibu ya uname -r (toleo la kerneli yako) kwanza.