Kabati la Runinga ya Kizamani: Anza na Kina, Sura Baadaye

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Masasi alinitumia picha ya kabati alilotengeneza kwa mfano wa runinga za miaka ya 1950. Kazi safi. Mninga umepigwa msasa ukalainika, pembe zimekutana barabara, vanishi haijachuruzika hata tone. Akaniuliza, "Kaka, mbona bado linaonekana kama fremu ya picha?" Nilimjibu pembeni, ila swali hili naulizwa mara nyingi, na najua wengi mnaonisoma mnataka kazi hii iwalishe kama inavyonilisha mimi. Basi tuliseme hadharani.

Tatizo ni kina. Kabati lake lina sentimita 20 kwenda nyuma. Seti za wakati ule hazikunenepeshwa kwa mapambo. Ndani kulikuwa na tyubu ya kioo yenye shingo ndefu, na mwale wa elektroni, ule uliochora picha kwenye skrini, ulikuwa ukipindishwa kwa pembe ndogo, nyuzi 70, baadaye 90. Pembe ikiwa ndogo, tyubu inarefuka, na kabati linaifuata. Zilipokuja tyubu za nyuzi 110 kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 ndipo makabati yalipoanza kupungua tumbo. Kampuni ya Philco ya Marekani ilipotoa Predicta mwaka 1958, skrini ilitoka kabisa nje ya kabati, ikasimama juu yake na kugeuzwa huku na huku. Sasa wewe unaiga seti ya mwaka 1950 halafu unaipa kiwiliwili cha flati ya juzi! Macho ya mteja yanakataa hata kama mwenyewe hajui kwa nini.

Mimi sikuyapata haya kwenye picha za simu. Kumbukeni historia yetu: Zanzibar walianza kuona runinga miaka ya 1970, tena ya rangi tangu siku ya kwanza, huku Bara tukisubiri hadi 1994. Kwa hiyo hapa Mtwara kitu cha mbao kilichokuwa kikiongea sebuleni kilikuwa redio. Runinga ya mbao ilikuwa hadithi. Nilikuja kuikuta kwa fundi redio mmoja, kasha tupu lisilo na kioo wala mashine, anawekea spana na bisibisi. Nikamwomba nilipime. Nilipima kila kitu: unene wa ubao, mwinamo wa miguu, matundu ya mgongoni, mpaka umbali kati ya kitufe kimoja na kingine. Seremala niliyekuwa nafanya naye kazi wakati huo alicheka mbele ya wateja. Akasema nimeacha kutengeneza vitanda vya watu, sasa natengeneza mabanda ya kuku. Nayakumbuka maneno yale vizuri sana.

Mwezi uliopita "banda la kuku" limenunuliwa na nyumba moja ya wageni kule Mikindani. Limewekwa mapokezi, na wageni wanapiga nalo picha kabla hata ya kuuliza chumba. Nimesema tu.

Turudi kwenye kazi. Kioo kwanza, mbao baadaye. Picha ya zamani ilikuwa na uwiano wa nne kwa tatu, kwa hiyo flati ya inchi 24, yenye upana wa sentimita 53 na kimo cha 30, haiwezi kukaa humo ikapendeza. Tafuta monita za ofisini zilizotumika, zile zinazokaribia mraba. Ya inchi 17 ina upana wa sentimita 34 hivi kwa kimo cha 27. Mbele yake weka barakoa ya plaiwudi iliyokatwa pembe za mviringo na kupakwa rangi nyeusi isiyong'aa, ifiche kingo zilizonyooka. Kwa monita hiyo mimi naingia ndani sentimita 45. Ndiyo, 45. Usinipunguzie.

Wapo wanaotaka kutumia tyubu yenyewe kutoka kwenye seti mbovu. Tyubu ya rangi hufanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani. Mpelekee fundi wa umeme anayeijua. Wewe ni seremala.

Mbao: mninga, wenye vibali, uliokauka sawasawa. Hauvimbi wala kusinyaa sana, na hiyo ni neema kwetu tunaoishi na upepo wa bahari na mvua za Desemba hadi Aprili. Plaiwudi hunywa maji kwenye kingo, kwa hiyo kingo zipakwe vanishi kama uso, hata zile zisizoonekana. Skrubu ziwe za shaba, maana za chuma hapa pwani zinalia kutu na kuacha doa jeusi kwenye ubao. Vitufe nachongesha kwa mchongaji wa Kimakonde kutokana na vipande vya mpingo vilivyobaki kwenye vinyago vyake. Vikisuguliwa vinang'aa bila rangi, na ndivyo mteja anavyovishika kwanza. Mgongoni hadibodi yenye matundu, kama zamani. Wakati ule ilikuwa kwa ajili ya joto la valvu, zile tyubu ndogo za kioo za ndani ya mashine, leo ni kwa ajili ya monita. Na kina, jamani. Kina.

Vijana wengi mnataka kuanzia kwenye vanishi. Mnapiga picha ya mbele, mnapata sifa, mnaridhika. Mteja hanunui picha, anazunguka nyuma, anapitisha mkono chini, anavuta mguu aone kama umelegea. Fundi asiyetaka kutazamwa nyuma ya kabati lake abaki kwenye fremu za picha, nazo zina soko lake.

Halafu hela. Kuna mtu kutoka Dar es Salaam aliagiza kwangu makabati mawili kwa simu, na sauti tamu, "fundi wangu", "mdogo wangu". Nikanunua mbao kwa fedha za korosho za mama. Yalipokamilika simu ikawa haipokelewi. Moja likakaa barazani mvua nzima, tukilifunika turubai. Sina neno naye. Lakini tangu hapo mtu akitaka kabati analeta nusu ya bei kabla sijashika futi kamba, awe mjomba wangu au mheshimiwa. Wapo waliokasirika wakaondoka. Wale waliobaki hupitia karakana Jumamosi kuangalia kazi ilipofika, na wengine huja na soda.