Adui Akianguka Huumia Kiasi Gani? Majibu kwa Wachezaji wa Minecraft

Barua kadhaa tulizopokea kutoka Kisumu, Nakuru, Bungoma na Kakamega zinahusu jambo moja, nalo ni kuanguka kwa maadui katika Minecraft, mchezo wa kompyuta na simu ambao dunia yake imejengwa kwa vipande vya mchemraba viitwavyo bloku. Tumeamua kuzijibu pamoja kwa kuwa jibu la barua ya kwanza ndilo msingi wa majibu yanayofuata. Takwimu tunazozitumia ni za toleo la kompyuta, yaani la Java. Anayecheza kwa simu atakuta hesabu ya msingi ni ile ile, ingawa mambo madogo madogo hutofautiana.

Ndugu Mhariri, nimejenga mnara wa kuwanasa maadui ambao unawaangusha kutoka kimo cha bloku 30. Wote wanafika chini wakiwa wamekufa, na mifupa, mishale na baruti ninaipata kwa wingi, lakini uzoefu, yaani zile alama (XP) anazopata mchezaji kwa kuua adui, siupati hata kidogo. Kaka yangu ananishauri nipunguze kimo hadi bloku 22. Kwa nini iwe 22 na si 20 wala 25? — Mjenzi, Kondele, Kisumu

Kaka yako amekushauri vyema, na sababu ya ushauri wake ni hesabu ya kutoa tu. Mchezo huu haupimi kasi ya anayeanguka, bali hupima idadi ya bloku alizoanguka, kisha hutoa tatu, kwa maana bloku tatu za kwanza hazimdhuru mtu. Kila bloku inayobaki humwondolea anayeanguka alama moja ya uhai, ambayo ni sawa na nusu moyo. Zombi, kiunzi cha mifupa na kriipa, yule adui anayelipuka, wote huzaliwa na alama 20. Akianguka bloku 23, hupoteza alama 20 na kufa papo hapo. Akianguka bloku 22, hupoteza 19 na kubaki na moja, kiasi kwamba pigo moja kamili la upanga, hata ule wa mbao, linammaliza.

Tofauti hiyo ya bloku moja ndiyo inayoamua utakachovuna. Mchezo hutoa vitufe vya kijani vya uzoefu pale tu ambapo mchezaji, au mbwa mwitu aliyemfuga, amehusika katika kumpiga adui muda mfupi kabla ya kifo chake. Aliyeuawa na sakafu peke yake huacha vitu vya kawaida kama vile mifupa, mishale na baruti, ila haachi uzoefu, wala vile vitu adimu ambavyo hutolewa kwa aliyeuawa na mchezaji tu, mathalani kipande cha chuma, karoti au kiazi ambacho zombi huangusha mara chache. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba shimo lolote, amua kwanza unataka nini. Ikiwa haja yako ni baruti na mishale, na ungependa mnara ufanye kazi huku umekaa ukinywa chai, bloku 30 zako hazina kasoro yoyote. Ikiwa unataka uzoefu, shusha mnara hadi 22, nawe usimame chini ukiwa na upanga mkononi.

Katika kupima, wengi hukosea mahali pa kuanzia. Kimo huhesabiwa kutoka pale miguu ya adui inapoachana na sakafu au na maji yanayomsukuma, hadi pale inapotua, wala si kutoka dari ya chumba anamozaliwa. Ukiweka bloku nusu chini ili uweze kuipiga miguu ya maadui kupitia upenyo, kumbuka kwamba umepunguza nusu ya bloku katika anguko, basi pima upya.

Jambo jingine ambalo pengine kaka yako hakukueleza ni kwamba maadui hawalingani kwa uhai. Buibui ana alama 16 tu, hivyo anguko la bloku 22 litamwua kabla hujamgusa, na uzoefu wake utapotea. Mchawi ana alama 26, kwa hiyo atatua akiwa amebakiwa na saba, na mikononi ana dawa za kujitibu. Endamani, yule mrefu mweusi, ana alama 40, na wanaomnasa hulazimika kuchimba bloku 42 ili abaki na alama moja. Hakuna kimo kimoja kinachowafaa wote. Kwa maoni yangu ni heri kujenga mnara kwa ajili ya wale wenye alama 20, ambao ndio wengi, na kuvumilia hasara ya buibui, kuliko kubuni mitambo mingi ya kuwatenganisha.

Utakuta pia mara moja moja zombi mmoja anatua akiwa na nguvu kuliko wenzake. Mwangalie miguuni. Baadhi ya maadui huzaliwa wakiwa wamevaa viatu vilivyotiwa nguvu ya kupunguza madhara ya kuanguka, na nguvu hiyo katika daraja la nne hupunguza asilimia 48. Mavazi ya kivita ya kawaida, hata yawe ya almasi, hayamsaidii anayeanguka kwa lolote.

Mhariri, nimejenga ukingo mrefu wa mawe unaofanana na ule wa kreta ya Menengai, nikitarajia kwamba maadui wataanguka wenyewe wakinifuata. Zombi wengi husimama ukingoni na kurudi nyuma, lakini kriipa huruka bila woga na kunilipukia. Je, nikiwasukuma mwenyewe nitapata uzoefu? — Mchezaji, Section 58, Nakuru

Nianze na swali la mwisho kwa kuwa jibu lake litakufurahisha. Ndiyo, utaupata. Ukimpiga adui akaanguka, mchezo unaendelea kukuhesabu kuwa ndiwe mhusika kwa sekunde 5 tangu pigo lako, na anguko la bloku 23 huchukua chini ya sekunde 2. Hata kama ni mwamba uliomwua, uzoefu ni wako. Piga ukiwa unakimbia, kwa sababu pigo la mbioni humsukuma adui mbali zaidi. Uliopo kwako ni ukingo mzuri wa kufanyia vita vya namna hiyo, na sioni sababu ya kuubomoa ili ujenge mnara kama wa watu wengine.

Kuhusu wanaokataa kuruka, adui ambaye hajakuona hatakubali kushuka kimo kinachozidi bloku tatu, yaani kile kisichomdhuru. Akishakuona, hukubali kujiumiza kidogo ili akufikie, na kiasi anachokubali hutegemea uhai aliobaki nao pamoja na ugumu wa mchezo uliouchagua: kadiri mchezo unavyokuwa mgumu, ndivyo zombi anavyothubutu kuruka kutoka juu zaidi. Hata hivyo, hatajitupa kwa makusudi mahali ambapo hesabu inaonyesha atakufa. Ndiyo maana wanaojenga mitego hawategemei ujasiri wa adui bali humdanganya. Hupanga vifuniko vya mlango wa sakafuni ukingoni na kuviacha wazi. Adui huviona kana kwamba ni sakafu ya kukanyagwa, hupiga hatua, akatumbukia. Weka safu ya vifuniko hivyo kwenye ukingo wako, na utaona zombi wakifuatana kushuka.

Kriipa ana kanuni yake. Yeye akishakulenga, hukubali kuanguka kimo chochote ambacho kitamwacha hai, hata kwa nusu moyo. Kriipa mwenye uhai kamili ataruka bloku 22 bila kusita. Tena, kuanguka kwenyewe husogeza mbele hesabu ya mlipuko wake. Kwa kawaida kriipa huhitaji sekunde 1.5 kulipuka baada ya kukukaribia, lakini aliyetoka kuanguka kutoka juu akatua kando yako anaweza kulipuka kabla hujageuka. Usisimame chini ya ukingo ulioujenga mwenyewe. Simama juu, au ukae mbali na mahali pa kutua.

Mhariri Mheshimiwa, wanafunzi katika chama chetu cha kompyuta wanabishana. Mmoja anasema golemu wa chuma, yaani lile sanamu hai la mchezoni, anapaswa kuumia zaidi akianguka kwa kuwa ni mzito, mwingine anasema haumii kabisa. Yupi ana haki? Na je, kanuni ya mchezo inapatana na fizikia tunayoifundisha? — Mwalimu, Bungoma

Mwalimu, wa pili ndiye aliyesema kweli. Golemu wa chuma hapati madhara yoyote ya kuanguka, hata ukimtupa kutoka kilele cha dunia ya mchezo. Mchezo hauna kitu kiitwacho uzito wa kiumbe. Kilichopo ni orodha ya walioachiliwa: golemu wa chuma na wa theluji, paka, kuku anayepigapiga mabawa hadi chini, popo, na maadui warukao angani kama gasti na blezi. Mbuzi naye amepunguziwa, kwa maana huondolewa alama 10 katika madhara ambayo mnyama mwingine angeyapata, jambo linalolingana na maisha yake ya milimani.

Kuhusu fizikia, mchezo hauko mbali na ukweli kama wanafunzi wanavyoweza kudhani. Nishati ya kitu kinachoanguka ni zao la tungamo, mvutano na kimo, kwa hiyo kimo kikiongezeka maradufu, nishati nayo huongezeka maradufu, wakati kasi ya kutua huongezeka kwa kipeuo cha pili tu. Mchezo umefuata njia ya kimo, ukaacha tungamo na upinzani wa hewa, kisha ukasamehe bloku tatu za kwanza. Mkiwa na kompyuta yenye toleo la 1.20.5 la mwaka 2024 au la baadaye, mnaweza kutumia amri kubadilisha mvutano, kimo cha usalama na kizidisho cha madhara kwa kila kiumbe. Mwape wanafunzi zombi kumi na wachore grafu ya kimo dhidi ya uhai uliobaki. Watapata mstari mlalo hadi bloku tatu, kisha mstari ulionyooka unaoteremka, na hapo ubishi wao utakuwa na kitu cha kushika.

Mhariri, mwanangu aliweka maji chini ya shimo lake ili vitu visombwe hadi sandukuni. Sasa hakuna adui anayekufa, na anadhani mchezo umeharibika. — Mama, Kakamega

Mama, mchezo wake ni mzima. Maji hufuta madhara yote ya kuanguka, hata yakiwa na kina cha bloku moja, na utando wa buibui hufanya vivyo hivyo. Robota la nyasi na bloku ya asali hupunguza madhara kwa asilimia 80, na kitanda hupunguza nusu. Mwambie ayaondoe maji mahali pa kutua na badala yake atandike hopa, yaani bloku zenye umbo la faneli, ambazo ni ngumu za kutosha kumwumiza adui na wakati huo huo humeza vitu vilivyoanguka na kuvipeleka sandukuni.

Akiona kuchimba kunamchosha, asimamishe miiba ya mawe ya mapangoni, iliyoongezwa mwaka 2021, ncha zikielekea juu. Adui anayetua juu ya ncha hizo huumia zaidi ya mara mbili ya kawaida, hivyo shimo la bloku 12 linatosha kumwua zombi. Awe mwangalifu tu asiteleze humo yeye mwenyewe, kwa kuwa mchezaji pia ana alama 20 za uhai na miiba haimbagui.