Mtoto wangu njiti alifariki. Je, nina mkosi?

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Nina miaka 18, naishi kijijini Sengerema. Mimba yangu ya kwanza niliugua malaria. Kliniki nilianza mwezi wa saba wa mimba, maana mume alikuwa ziwani anavua na fedha za nyumba anashika mama mkwe. Nilijifungua njiti wa kilo 1.7. Tuliporudi nyumbani akaacha kunyonya jioni, tukangoja asubuhi nauli ipatikane. Akafariki njiani. Mkwe anasema nina mkosi. Mume anataka nishike mimba nyingine upesi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Mkosi hauna, na kosa si lako.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 33 hufariki kabla ya kutimiza mwaka, na 24 kati yao ndani ya mwezi wa kwanza. Njiti ndio walio hatarini zaidi. Malaria ya mimba hujificha kwenye kondo la nyuma, mtoto akakosa chakula, akazaliwa mdogo au kabla ya wakati. Umri wako nao uliongeza hatari.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni ile jioni. Kichanga akiacha kunyonya, akipoa mwili au akipumua kwa shida, hakuna kungoja kukuche. Ni kumkimbiza hospitali saa hiyohiyo. Mama anayeomba ruhusa na nauli kwa watu wawili atachelewa tu, hata awe na akili kiasi gani.

Mumeo naye asome hapa. Baba, subirini angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine. Uzazi wa mpango zahanati ya serikali ni bure. Na kabla hujaenda ziwani, nauli ya dharura muachie mkeo mwenyewe mkononi.

Ukishika mimba, mwanangu, nenda kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12. Pima damu, meza vidonge vya kuongeza damu, lala kwenye chandarua. Dozi za SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, huanza wiki ya 13. Panga kujifungulia hospitali yenye wodi ya njiti. Akija mdogo tena, abebwe kangaroo: nepi, kofia na soksi tu, kifua kwa kifua, afungwe kwa kanga usiku na mchana, na anyonye maziwa yako peke yake. Ukichoka, mkwe wako anaweza kupokea. Nenda naye kliniki akafundishwe na muuguzi.