Sindano irudi kwenye trei

Juzi kliniki nimemkuta mmoja wenu, madaktari wangu, kavaa glovu, sirinji ya mililita 20 mkononi. Mgonjwa ni yule wa TEP (ngiri ya kinena kuzibwa kwa wavu, kwa kamera na matundu madogo) ya wiki mbili zilizopita, kinena kimevimba. "Dokta, ngiri imerudi, namvuta maji kidogo." Sasa ni ngiri au maji? Nilipaza sauti mbele ya mgonjwa, mnisamehe. Nilikuwa najikemea mimi mwenyewe.

1. Mpimeni akiwa amesimama, akohoe. Na "nina ngiri" si utambuzi: kwa vibao vya waganga kwenye nguzo za umeme, ngiri ni kila kitu, kuanzia tumbo kuunguruma hadi kushindwa mambo ya ndoa.

2. Akojoe kabla ya kuingia tieta, chumba cha upasuaji, akojoe tena kabla ya ruhusa. Bega likiuma kesho yake, mara nyingi ni gesi tu tuliyompulizia wakati wa upasuaji.

3. Wavu wa sentimita 10 kwa 15 ulale bila mkunjo. Chini ya trakti ya iliopubiki, ule ukanda mgumu wa kinenani, msipige pini za kushikiza wavu. Pembetatu ya maangamizi, penye mishipa mikubwa ya damu, na ile ya maumivu, penye neva, hazikuitwa hivyo kwa kupenda mashairi. Na msinitajie utafiti wa Uganda wa kuziba ngiri kwa neti ya mbu, ule uliochapishwa 2016: ule ulikuwa upasuaji wa wazi.

4. Seroma, yaani maji yanayojikusanya pale ngiri ilipokuwa. Hapa kaeni chini.

Nilikuwa residenti, daktari anayesomea ubingwa, mwaka wa pili. Mgonjwa alikuwa kuli wa sokoni, ngiri imeshuka hadi kwenye korodani. Tukamaliza kwa matundu matatu, kesho yake akatembea mwenyewe hadi getini. Ngiri kubwa ikirudishwa huacha nafasi, na nafasi hiyo hujaa maji. Hilo nililijua, nililijibia hadi mtihani. Lakini wiki ya pili alipokuja na uvimbe, mkewe ananitazama kama mtu aliyekula hela yao, aibu ikanishika. Sikumkohoza. Ningemkohoza ningeona uvimbe hautikisiki, na vidole vingeupata ukingo wake wa juu. Nikachoma, nikavuta mililita 40 za maji kama chai ya rangi. Kinena kikawa bapa, mkewe akatabasamu, nami nikajiona bingwa.

Siku tano baadaye umejaa tena. Nikavuta tena.

Mara ya tatu alikuja na homa, na kilichopanda kwenye sirinji kilikuwa usaha: sindano yangu ilikuwa imeingiza vijidudu hadi kwenye wavu. Bosi hakunigombeza, na afadhali angenigomba. Alinisogezea faili, akasema fomu ya ridhaa ya kutoa wavu nijaze mimi, na maelezo nimpe mimi. Kuli hakulia wala kufoka. Alihesabu kwa vidole miezi ambayo hatabeba gunia, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo dokta, ungeuacha, ungeisha wenyewe?"

Nikamjibu ndiyo.

5. Atembee siku hiyohiyo ya upasuaji. Kuhusu gunia na pikipiki, mwelezeni mbele ya mkewe, maana yeye ndiye atakayemzuia.

Mgonjwa wa juzi nimempa tarehe ya wiki sita. Atakayempima ni yule yule mwenye sirinji, na aje mikono mitupu.